Waraibu waulizwe kuhusu wasiwasi pia

Mhariri,

Kila mjadala wa dawa za kulevya unapozuka hapa Mombasa, tunasikia mambo mawili: walanguzi wakamatwe, na vijana wapelekwe katika vituo vya kurekebisha tabia. Yote mawili nayaunga mkono. Linaloniuma ni kwamba mraibu huulizwa anatumia nini na tangu lini, lakini ni nadra kuulizwa alikuwa akiogopa nini kabla ya kuanza.

Mpwa wangu alianza kuiogopa feri ya Likoni akiwa na umri wa miaka 19. Watu wakibanana asubuhi, moyo ulimwenda mbio, pumzi zikambana, mikono ikamfa ganzi, naye akawa na yakini kwamba anakata roho. Tulidhani ni majini, tukamsomea. Dua zile sizijutii; najuta kwamba hatukumpeleka hospitali pia. Rafiki yake alimpa tembe ya bugizi, dawa ya kutuliza ya jamii ya Valium inayouzwa mitaani, akavuka siku hiyo bila hofu, na baada ya miezi michache hakuweza kuvuka, kulala wala kukaa na watu bila tembe.

Pombe na tembe za jamii ya Valium huutuliza ubongo kwa muda, lakini ubongo huzoea utulivu huo wa kuazima, hivyo zinapopungua mwilini wasiwasi hurudi kwa ukali zaidi, na mtu huongeza kipimo akiamini anajitibu, kumbe sehemu ya maradhi sasa yatokana na dawa yenyewe. Muguka, majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, ambao gavana wetu aliupiga marufuku Mei 2024 kabla ya mahakama kuisimamisha amri hiyo, hufanya kinyume: huchangamsha mwili, huharakisha mapigo ya moyo na kufukuza usingizi. Kwa mwenye wasiwasi hayo ni kuni juu ya moto, na usiku hutafuta pombe au tembe za kumshusha.

Mpwa wangu alikaa kituoni miezi mitatu, akarudi safi, lakini hofu yake ya umati hakuna aliyeigusa. Hazikupita wiki mbili akarudia tembe. Hata methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa unga (heroini) na ambayo imewaokoa wengi hapa Pwani, kazi yake ni kuzuia arosto, yaani maumivu ya kukosa dawa, na kiu ya unga; hofu iliyokuwapo kabla ya unga huhitaji tiba yake yenyewe.

Tiba hiyo ipo. Kuna mazungumzo na mshauri anayemfunza mgonjwa kuikabili hofu hatua kwa hatua, na kuna dawa zisizoleta uraibu, ijapokuwa huchukua wiki kadhaa kufanya kazi. Anayeambiwa aache ulevi kwanza ndipo wasiwasi wake uangaliwe, anaombwa avumilie kile kile kilichomshinda. Yote mawili yatibiwe pamoja.

Nawasihi pia wazazi wanaowafungia vijana chumbani ili waache kwa nguvu: aliyezoea pombe au bugizi kwa muda mrefu, akikatishwa ghafla, anaweza kupata degedege na hata kufa. Hupunguziwa kidogo kidogo, chini ya uangalizi wa daktari.

Naiomba serikali ya kaunti iagize kila kituo kimpime mraibu wasiwasi siku anayopokelewa, na kimrudie baada ya wiki chache za kuacha, kwa kuwa hapo ndipo huonekana ni hofu ipi iliyoletwa na ulevi na ipi aliyokuja nayo.

Mkaazi wa Likoni,
Mombasa