Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wafanyakazi

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua. Kamati ilikutana mara 9, semina za haki kazini zilikuwa 3, malalamiko 41 yalipokelewa na 33 yamekwisha. Hesabu atazisoma mhazini.

Niende kwenye jambo linalonong'onwa tangu ukaguzi upite: barua niliyowaandikia wakaguzi wa cheti cha SA8000, yaani cheti cha kuthibitisha kwamba mwajiri anaheshimu haki za wafanyakazi, nikiwaeleza kasoro za kazini kwetu bila idhini ya mkutano mkuu. Wapo wanaodai nimehatarisha ajira kwa sababu mnunuzi wa bidhaa za mwajiri wetu anakitaka cheti hicho. Wengine wanasema nilitafuta sifa.

Mkutano wa dharura niliuitisha. Akidi ni watu 107, mkaja 38, na wakaguzi walikuwa wanaingia baada ya siku nne. Wajumbe 7 kati ya 9 wa kamati waliniunga mkono. Barua niliiandika mwenyewe usiku ule, na jina langu liko chini yake.

Kiwango cha SA8000, ambacho cheti hicho hutolewa kwa kukitimiza na kilichotolewa kwanza mwaka 1997 na shirika la Social Accountability International, kimejengwa juu ya mikataba ya Shirika la Kazi Duniani. Kinataka saa za kawaida zisizidi 48 kwa wiki, saa za ziada ziwe za hiari na zisizidi 12 kwa wiki, mapumziko ya siku moja baada ya siku sita mfululizo, na mshahara unaomtosha mtu kuishi. Kinatutaka pia tuwe huru kuungana na kujadiliana na mwajiri. Sasa kwetu daftari la saa za ziada lilikuwa halifanani na saa tulizofanya, na mlango wa nyuma wa ghala ulipigwa kufuli kila zamu ya usiku. Ningenyamaza ili iweje?

Karachi, Pakistan, Septemba 2012, kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises kiliungua wakafa watu zaidi ya 250, wengi wakiwa wamezuiwa na milango iliyofungwa na madirisha yenye nondo. Kiwanda hicho kilikuwa kimepewa cheti hikihiki wiki chache tu kabla. Mkaguzi hukaa siku chache akaondoka. Anayeujua mlango wenye kufuli ni anayefanya kazi nyuma yake. Habari hiyo niliisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu.

Matokeo mmeyaona. Kufuli limeondolewa, daftari limeanza upya, cheti kimecheleweshwa lakini hakikukataliwa, na hakuna mwanachama hata mmoja aliyeachishwa kazi. Waliotabiri maangamizi sijawasikia wakisema lolote tangu hapo.

Kinachoniuma zaidi ni mahudhurio. Timu ya pamoja ya wafanyakazi na menejimenti, ambayo kiwango kinaidai, ina nafasi zetu mbili wazi tangu mwezi wa tatu. Nimetangaza mara nne, hajajitokeza mtu. Mkiniachia mimi kila kiti, msishangae nikiamua peke yangu.

Ada nazo: kati ya wanachama 212, waliomaliza ni 83, waliolipa nusu 47, na 82 hawajalipa chochote. Baadhi ya hao 82 ndio walioandika malalamiko marefu kuliko yote juu ya barua yangu.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kupata mafunzo ya kusoma hati za mishahara, na kufuatilia suala la mshahara wa kutosha pale hali itakaporuhusu. Fomu za nafasi zile mbili anazo katibu.

Naomba kuwasilisha.