Barua kwa somo yangu

Bagamoyo, Jumapili usiku

Somo yangu,

Salaam sana, na baada ya salaam mimi huku ni mzima, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yangu. Umeona? Bado ninayo yote kama tulivyokaririshwa darasa la tano. Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye wasap wewe husoma mstari wa kwanza, unaweka kidole gumba, unapita zako. Karatasi haiwekewi kidole gumba.

Nianze na kosa lako, maana langu ni kubwa nami nataka nilifikie polepole. Tarehe 16 Juni uliahidi utakuja. Nilikuwekea kiti safu ya tatu, kikakaliwa na mkoba wangu mpaka mwisho. Ungekuja ungeona maajabu: Siku ya Mtoto wa Afrika, siku ya kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi 1976 wakigomea kufundishwa kwa Kiafrikaans, na watoto wetu wa kikundi cha maigizo wamepangwa juani tangu saa mbili asubuhi wanamsubiri mgeni rasmi. Alifika saa tano na nusu. Rangi za usoni zilishayeyuka, Mrefu anayecheza baba ndevu zake zimeteremka hadi shingoni. Tulicheka, lakini kicheko cha njaa.

Kitinda, anayecheza binti, akasahau maneno. Pale pale anapomjibu baba kuhusu mahari, ndipo penyewe pa igizo zima. Kimya. Mimi niko nyuma ya pazia na mswada mkononi, nikamtonya: nikamsomea mstari wake wote, mzima mzima. Akaurudia kama kasuku, macho kwangu badala ya kwa baba yake. Watu wakapiga makofi, mgeni rasmi akatikisa kichwa kwa huruma. Mimi jasho linanitoka, kwa sababu najua Bi Maleba, mama yetu wa mavazi ya jukwaani, asingefanya hivyo.

Bi Maleba hakuwepo, somo. Hilo ndilo lililonifanya nikae na karatasi.

Unakumbuka anavyotonya? Kusoma hajui, lakini akiwa kwenye cherehani yake wakati wa mazoezi, mguu unakanyaga, sikio linakusanya. Wiki ya pili anayo maneno ya kila mtu, na ya wale walioacha kikundi pia. Na hampi mtoto mstari wake hata siku moja. Anamnong'oneza mstari wa mwenzake, ule uliotangulia. Nilimuuliza kwa nini, akanijibu huku pini ziko mdomoni: ukimpa lake atalitema kama tembe ya klorokwini, ukimpa la mwenzake atajibu. Nimesoma vitabu vya uongozaji, nimehudhuria warsha mbili za jukwaa la Augusto Boal, yule Mbrazili, lile ambalo mtazamaji anasimamisha igizo na kuingia mwenyewe kuonyesha angefanyaje, na hakuna aliyenifundisha jambo hilo.

Basi. Kosa langu ni hili. Mwezi wa tano mfuko wetu ulikuwa na laki mbili na themanini. Kosta ya kwenda Dar na kurudi, laki mbili na nusu. Bi Maleba alikuwa anatudai posho ya miezi minne, elfu sitini sitini, piga mwenyewe. Kikao kikakaa chini ya mwembe. Ama kosta, ama yeye. Mwenyekiti hajamaliza kuuliza, mimi nimeshanyoosha mkono: kosta, vijana waonekane. Yeye yuko hatua kumi kutoka hapo, anapiga pasi ya mkaa.

Usiku wa kuamkia safari alikunja kila kitu kwenye sanduku la bati, kaniki chini, kanga juu, ushanga ndani ya soksi. Asubuhi kosta ikajaa. Akasema nendeni, mimi goti linaniuma. Goti hilo sijalisikia likiuma tangu tujuane.

Tuliporudi alifua maleba yote, akaanika, akanikabidhi ufunguo wa stoo. Hakununa wala hakulalamika. Alisema binti yake wa Kiwangwa amejifungua, anakwenda kulea. Leo wiki ya tano. Kiwangwa kwenyewe unakujua, ni hapo tu kwenye mananasi, na arobaini ya mtoto nasikia ni Ijumaa. Kila mtu hapa anasema "atarudi", na mimi nasema hivyo hivyo kwa sauti kubwa kuliko wao.

Stoo sasa inanuka ukungu, unyevu wa bahari haungojei mtu. Lakini stoo ni jambo dogo. Watoto wanakuja saa tisa kutoka shule, wanachungulia kwanza kwenye cherehani, ndipo wanakaa. Juzi ndiyo nimeelewa kwa nini. Nilikuwa nahesabu mali, nikakuta uzi. Somo, tuna uzi wa kuishonea Bagamoyo nzima na Mlingotini juu yake! Nikamuuliza Babu Taa, akacheka (bado anatengeneza taa zake kwa makopo ya maziwa). Kumbe Bi Maleba akimwona mtoto hajala, humtuma dukani: nenda kaninunulie uzi, chenji kaa nayo. Chenji inatosha maandazi mawili. Kwa posho ile ile ambayo hatukumpa. Kitinda alitumwa uzi karibu kila siku, na mimi mwalimu wake nilidhani anapenda kutumwa.

Sasa shida ninayokuletea. Wale wafadhili niliokudokeza wametuma fomu mpya. Wanataka "kuwawezesha vijana", na uendeshaji usizidi asilimia kumi. Nimegundua kwamba uendeshaji ni watu. Bi Maleba ni uendeshaji, Babu Taa ni uendeshaji, mlinzi ni uendeshaji. Fulana zenye nembo yao si uendeshaji, ni mradi. Nimekaa na bajeti hii siku tatu, na kila ninapoongeza elfu sitini hesabu inanipigia kelele.

Wewe unakaa kwenye ofisi ya miradi, lugha yao unaijua. Je, naweza kumwandika "mkufunzi wa maleba na usemaji"? Wasichana wawili wamejifunza kushona kwake, mmoja sasa anashona sare za shule huko Dunda na analipwa. Kwa hiyo si uongo. Au ni uongo? Mwanzoni nimeeleza kwamba njia yetu inatokana na Tuseme, iliyoanzishwa 1996 na Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: wasichana wenyewe watafute shida yao, waichambue, waiigize, kisha wajadili na watazamaji. Kama tulivyofanya sisi kidato cha pili, wewe ukacheza mwalimu mkuu mpaka mwalimu mkuu akatoka nje. Hapo kwenye maelezo nadhani niko sawa. Kwenye fedha ndipo ninapozama.

Unajua ninachokiwaza nikipita pale Chuo cha Sanaa (kibao kinasema TaSUBa tangu 2007, ulimi wangu haujasikia)? Ule ukumbi ulipoungua 2002, makuti yote yale, tulidhani ndiyo mwisho wa sanaa duniani. Wafadhili wakapatikana, ukajengwa mwingine, wa kisasa. Na sisi tukitaka bati tutapata, hata spika tutapata. Ila andika kwamba unaomba elfu sitini za mama anayejua maneno ya kila mtu, uone...

Basi niambie. Ijumaa niende Kiwangwa na deni lake mkononi, au nisubiri arobaini ipite nisionekane nimekwenda kununua msamaha mbele ya wageni? Nimekopa laki na nusu kwa mjomba, nianze na hiyo, au nusu ya deni ni tusi? Nimwambie kwamba mkono wa kwanza ulikuwa wangu, au anajua? Unadhani alisikia? Fomu utaisoma lini, maana mwisho ni tarehe 28? Na wewe una nini, mbona umenyamaza tangu Idi? Kazi, au yule bwana tena? Mama goti lake linaendeleaje, lile la kweli?

Ukinijibu, mpe barua konda wa magari ya Bagamoyo pale Makumbusho, mwambie ni ya mwalimu wa maigizo, wote wananijua. Na ukipita Kariakoo ninunulie mkanda wa cherehani ya miguu. Wa ngozi, usininunulie wa plastiki, huo aliukataa siku nyingi.

Somo yako