Mkaa wa vifaranga: barua kwa Atupele

Uyole, Mbeya
Juni

Mpendwa Atupele,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sote hatujambo, na mama anakusalimu sana. Ninaandika kwa haraka kwa sababu Mwalimu, aliyepita hapa akitoka Makete, amenieleza kwamba umeazimia kupunguza mkaa kwa nusu katika chumba cha vifaranga na kuziba madirisha yote kwa turubai mpaka baridi ipite.

Najua bei ya gunia inavyoumiza, na una haki ya kutafuta nafuu. Hata hivyo nakusihi usianzie hapo. Kifaranga wa siku chache hawezi kujipasha joto. Wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, kisha unapunguza kama tatu kila wiki kadiri manyoya yanavyoota. Aliyepigwa na baridi siku hizo, hata akipona, hudumaa, na kundi lisilolingana uzito halianzi kutaga pamoja, hivyo ulichookoa kwenye mkaa utakilipa kwenye chakula cha matetea wasiokupa yai.

Turubai ndilo linalonitia hofu zaidi. Jiko la mkaa katika chumba kilichozibwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoweza kuua vifaranga na hata wewe unayeingia usiku kuwatazama. Tena maranda yakilowa, amonia, ile hewa kali ya kinyesi, huwasha macho na kuharibu njia ya hewa, na mafua hayatoki bandani. Ziba upande wa chini unakopuliza upepo, lakini juu acha nafasi. Joto lizuie kwa dari chini ya bati, kwa maranda makavu, na kwa duara dogo la mabati unalolipanua wanavyokua, ili upashe pale walipo tu.

Taa za LED ziwekee kuku wanaotaga, ambao wanahitaji mwanga wa saa 14 hadi 16 ilhali mchana wetu wa Juni haufiki 12. Kwa vifaranga usizitegemee, kwani hazitoi joto kama balbu za zamani.

Narudi kwenye mkaa: ukiwa na dari na duara, utapungua wenyewe bila kuwanyima joto.

Vifaranga wana siku ngapi sasa? Usiku hurundikana karibu na jiko, au hutawanyika? Kipimajoto kiko usawa wa migongo yao, au umekitundika ukutani? Shemeji naye anasemaje? Tafadhali nijibu kabla hujafunga hilo turubai.

Wako,
Subira