Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Michezo: Turudishieni Seti Yetu ya Tano

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Michezo,

YAH: KUKATWA KWA FAINALI YA WAVU YA WANAWAKE KWENYE TELEVISHENI YENU

Pokea salamu zangu za heshima. Naandika hadharani kwa sababu barua nilizokuletea ofisini hazikujibiwa, na kwa sababu yaliyotokea Jumamosi jioni yalitokea mbele ya kila mtu aliyewasha televisheni.

Tulikuwa seti mbili kwa mbili. Seti ya tano, ile fupi ya pointi 15, ilikuwa imefika 13 kwa 13. Mchezaji wangu alikuwa nyuma ya mstari na mpira mkononi, anasubiri filimbi aanzishe. Sisi tuliokuwa ukumbini tuliendelea kucheza. Waliokuwa majumbani walihamishwa ghafla hadi uwanja wa ndege, kwa kuwa nyota wa soka alikuwa anarejea kutoka mapumzikoni. Hakuwa amebeba kombe wala hakuwa anatoka mashindanoni. Mlango wa ndege ulikuwa haujafunguliwa, na mtangazaji wenu akajaza muda kwa kueleza rangi ya viatu alivyopanda navyo. Watazamaji waliporudishwa kwetu, wasichana walikuwa wanavua pedi za magoti.

Tulishinda, Mheshimiwa. Sisi ndio mabingwa. Taarifa yenu ya habari ya usiku ule haikulisema hilo, hivyo nalisema hapa. Mama mzazi wa yule binti aliyeanzisha mpira hakuweza kusafiri. Aliniambia kwenye simu kwamba alibaki anatazama ngazi za ndege huku anaomba Mungu, bila kujua mwanawe ameshinda au ameshindwa.

Kabla sijaenda mbali, sina ugomvi na kijana yule wa soka. Ana kipaji, anajituma, na wachezaji wangu wenyewe wanampenda. Ninalolalamikia ni ninyi kumfanya yeye kuwa ndiye michezo yote. Akifunga, ni habari. Asipofunga, ni habari kubwa zaidi. Akinyoa nywele, akibadilisha gari, akinuna mazoezini, mnaita wachambuzi wakae mezani wapambanue alichonunia. Hata yeye mwenyewe sidhani kama mnamtendea wema. Naomi Osaka alipokataa kuhudhuria mkutano na waandishi kwenye mashindano ya wazi ya Ufaransa mwaka 2021, akisema anailinda afya yake ya akili, alitozwa faini ya dola 15,000, kisha akajiondoa kabisa. Alikuwa miongoni mwa wachezaji bora wa tenisi duniani. Mtu akiandamwa kila anapopumua, ipo siku atachoka, na mtakuwa wa kwanza kumuuliza kwa nini amechoka.

Nakukumbusha pia ahadi yako. Mwanzoni mwa msimu ulituita makocha wa michezo yote, ukatukalisha vizuri, ukasema kila mchezo utapata haki yake hewani na fainali zote zitaonyeshwa hadi mwisho. Tulikupigia makofi. Mimi nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa mdhamini wetu nikamwambia asituache, tutaonekana. Alisubiri. Msimu ulipofika katikati hajaona jezi yetu hata kwenye muhtasari, akaniambia kwa upole kwamba yeye ni mfanyabiashara. Simlaumu. Tangu siku hiyo nauli, maji na bandeji vinatoka mfukoni mwangu na kwa wazazi wenye moyo. Wasichana wawili wazuri wameacha wavu, mmoja aliniambia haoni faida ya kuumia mahali ambapo hakuna anayetazama. Sikuwa na jibu la kumpa. Ninyi mnalo.

Nilipolalamika mara ya kwanza, ofisa mmoja wa idara yako aliniambia kwa mdomo kwamba chema chajiuza, mchezo ukiwa mzuri watu wataufuata wenyewe. Hata chema hakijiuzi kikifungiwa ghalani. Nani ataufuata mchezo asioujua saa, ukumbi, wala jina la mchezaji?

Tena hamtunyimi sisi wa michezo midogo peke yetu. Hata soka lenyewe mnalinyang'anya watu. Tarehe 6 Desemba 2022, Kombe la Dunia kule Qatar, kocha wa Ureno alimweka Cristiano Ronaldo benchi. Wapiga picha wakajazana mbele ya benchi kabla mpira haujaanza. Uwanjani, Gonçalo Ramos, kijana aliyechukua nafasi yake, alifunga mabao matatu na Uswisi ikachapwa 6-1. Kipindi chenu cha asubuhi kilifungua na swali moja: Ronaldo anajisikiaje?

Siku nne baadaye likaja lililoniuma zaidi. Morocco iliifunga Ureno 1-0 kwenye robo fainali. Youssef En-Nesyri aliruka juu kumzidi kipa akapiga kichwa, Yassine Bounou akalinda lango, na dakika za nyongeza walicheza wakiwa kumi baada ya Walid Cheddira kutolewa kwa kadi nyekundu. Kwa mara ya kwanza timu ya Afrika ilikuwa imeingia nusu fainali ya Kombe la Dunia. Nilikaa mbele ya televisheni nikisubiri mnieleze namna walivyojipanga nyuma, nani alimkaba nani, vijana wangu wajifunze. Mlinionyesha Ronaldo analia akielekea vyumbani. Mkarudia. Mkarudia tena kwa mwendo wa polepole. Bara zima lilikuwa limepata jambo ambalo halijawahi kulipata, na kamera ilikuwa inamfuata aliyeondoka.

Muulize mtoto yeyote nani alishinda fainali ya mwaka ule, atakujibu Messi. Messi alifunga mawili, na alistahili kila sifa. Lakini penalti ya mwisho ya Argentina ilipigwa na beki, Gonzalo Montiel, na kama si mguu wa kipa Emiliano Martínez kulizuia shuti la Mfaransa Randal Kolo Muani sekunde za mwisho za muda wa nyongeza, kusingekuwa na penalti za kupiga. Mtoto anayetaka kuwa kipa au beki anahitaji kuyasikia majina hayo kwenye chombo chenu. Asipoyasikia, kila mtoto atataka jezi namba kumi, na mimi kocha nitabaki na kikosi cha washambuliaji wasiotaka kukaba.

Kwa nini mnafanya hivi? Nadhani ni watangaza biashara, ambao wanataka sura moja inayojulikana. Nadhani pia ni wepesi wa kazi, maana kumfuata mtu mmoja kunahitaji gari moja na kamera moja, ilhali kuujua wavu, ngumi, riadha na netiboli kunahitaji mwandishi anayekaa mazoezini na kuandika majina. Na huenda mnaogopa: kituo kingine kikimwonyesha ninyi msipomwonyesha, mtaulizwa na wakubwa. Kama ni hivyo, semeni, tujue tunapigana na nini.

Sikuombi pesa. Siombi mumfiche nyota wenu. Ndege yake mngeweza kuionyesha dakika kumi baadaye, asingekuwa amepotea. Ninachoomba ni mchezo ule urushwe wote, kuanzia seti ya kwanza hadi pointi ya mwisho, jioni, saa ambayo watu wako macho, siyo usiku wa manane. Kamera zenu zilibaki ukumbini zikirekodi. Niliziona kwa macho yangu. Mkanda mnao. Urusheni, Mheshimiwa. Mtangulize tangazo, mtaje siku na saa, ili niweze kumpigia simu yule mama.

Wako katika michezo,
Kocha wa mabingwa wa wavu wanawake