Shukrani kwa dada wa maabara, Kigoma

Dada yangu, jina lako sikuuliza, nisamehe. Ni mimi niliyemleta kaka kutoka Ujiji, kichwa kikimuuma wiki ya tatu, shingo imekakamaa, mwanga hautaki. Dozi mbili za malaria zilikuwa zimeisha bila nafuu.

Mama alikataa sindano ya mgongo, akihofia mwanawe atapooza. Wewe ulikaa naye kwenye benchi ukamweleza taratibu kwamba maji ya uti wa mgongo ndiyo yanayoonyesha ugonjwa, na kuyatoa kunapunguza presha kichwani. Akakubali.

Kisha ukaniita kwenye darubini. Tone la wino mweusi, na ndani ya giza lile viduara, kila kimoja na duara jeupe la mwanga. Fangasi wa kriptokoka, ukasema, huingia kwa pumzi na kumwandama mwenye kinga iliyoshuka. Kipimo cha kijiti kikathibitisha ndani ya dakika 10, ukamkimbilia daktari mwenyewe.

Kaka alipata dripu ya amfoterisini na vidonge vya flusitosini, dawa za fangasi. ARV, dawa za VVU, zikasubirishwa hadi wiki ya tano, kwa usalama wake. Flukonazoli, nayo ya fangasi, bado anameza.

Jana kala ugali kwa mgebuka, akaomba nyongeza. Mama anakuita mwanangu. Asante sana, dada.