Waliowekewa nyonga ya bandia wapewe kadi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwazungumzie wazee wetu wa Lamu waliowekewa nyonga za bandia Mombasa, Nairobi au India, kisha wakarudi kuishi katika nyumba za ghorofa zenye ngazi nyembamba zisizo na mwanga. Mzee wa namna hiyo akianguka, mfupa wa paja huweza kuvunjika palepale liliposhindiliwa shina la chuma la nyonga, na matibabu yake si sawa na ya paja jingine lililovunjika.

Kabla ya yote, daktari wa upasuaji hutaka kujua kama shina hilo bado limeshika au limelegea. Kwa utaratibu wa Vancouver, uliotolewa na madaktari wa mji huo wa Kanada mwaka 1995 na unaofuatwa hadi leo, shina lililoshika huachwa mahali pake na mfupa ukaungwa kwa bamba la chuma, skrubu na nyaya za kuuzunguka. Likiwa limelegea, bamba peke yake halifai kitu, kwa sababu chuma kitaendelea kucheza ndani ya mfupa. Kwa hiyo hung'olewa, likatiwa shina refu linalovuka palipovunjika kwa kiasi cha mara mbili ya upana wa mfupa. Mfupa uliolika sana huenda ukahitaji sehemu yote ya juu ya paja ibadilishwe.

Sasa, daktari atang'oaje asichokijua? Aina nyingi za shina zina vifaa vyake vya kulitolea, na kichwa kipya, yaani tufe la juu ya shina, sharti kilingane na kikombe kilichobaki nyongani. Jina la kiwanda, vipimo, na kama ilitumika saruji ya mifupa ya kulishikiza shina, yote yameandikwa katika faili iliyobaki hospitali ya mbali, huku jamaa wakiwa na bahasha ya picha za eksirei za zamani tu, nazo zimeshaharibiwa na unyevu wa bahari.

Ninaloomba ni kila hospitali impe mgonjwa kadi yenye maelezo hayo siku anayoruhusiwa kwenda nyumbani. Na akivunjika, apigwe eksirei ya mfupa mzima, toka nyonga hadi goti, itumwe pamoja na kadi kwa daktari wa rufaa kabla mgonjwa hajapandishwa boti ya kwenda Mokowe, bara, ili vifaa viagizwe mapema. Nawaheshimu wakandaji wetu, ila paja lenye chuma ndani lisikandwe hata kidogo.

Mkaazi wa Langoni,
Lamu