Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya, Kaunti ya Lamu: Tuachieni Tuwaoshe Maiti Wetu

Mheshimiwa Waziri, assalaam aleikum.

Mwaka 2020, wakati wa korona, tulizikana kwa haraka: jamaa wasiozidi 15, mfuko wa zipu, dawa ikipulizwa kaburini. Mfiwa asiyeuona uso hubaki akijiuliza, tuliyemzika ndiye? Ilhali Machi mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa maiti kwa kawaida haambukizi, isipokuwa maradhi kama Ebola, Marburg na kipindupindu, na kwamba jamaa waweza kumtazama bila kumgusa.

Sisi waosha maiti wa Amu, yaani mji wa Lamu, twaomba mwongozo wa kuwaosha uandikwe sasa, kabla maradhi mengine hayajaingia.

Waoshaji wawe wawili, watatu maiti akiwa mzito, na gauni lisilopitisha maji, glavu, barakoa na ngao ya uso. Maiti wa kike huoshwa na wanawake, kwa hiyo vifaa viwafikie na wao. Hili husahauliwa sana. Maji yamiminwe kwa kata, maana mpira hurusha matone. Mkunazi na kafuri vibaki. Kinachoachwa ni kumkamua tumbo, kwani hapo ndipo uchafu na pumzi iliyosalia kifuani hutoka. Akigeuzwa ubavu, mdomo na pua vifunikwe kitambaa. Sanda ni zilezile, tatu kwa mwanamume na tano kwa mwanamke.

Kitanda kisuguliwe kwa sabuni na kusuuzwa kwanza, ndipo klorini: ikiwa ya asilimia 5, sehemu 1 kwa maji 49. Wengi huimwaga juu ya uchafu, nguvu ikaishia hapo. Ya jana nayo si dawa tena. Hatari kubwa huja wakati wa kuvua: glavu na gauni kwanza, mikono ioshwe, barakoa mwisho.

Halafu kuna bahari. Maiti wa Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, hupitishwa Mkanda, mlango wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, na Mkanda hupitika maji yakijaa. Karatasi ya kibali ikisainiwa maji yamekupwa, jeneza litakaa gatini juani, au mashua izunguke nje ya Manda, na kusi ikivuma hilo si la kumwambia mfiwa. Kibali kifuate saa za maji, si saa za ofisi.

Na uso. Kabla sanda haijafungwa kichwani, jamaa waingie wawiliwawili na barakoa, wasimame hatua mbili kutoka kitandani, dakika tano. Mjane atakaa eda miezi 4 na siku 10, amwone anayemkalia.

Waosha maiti, Amu